Kidole cha Tano

Nilijua uzito wa piano ile kabla sijaijua sauti yake. Tulikuwa mahamali wanane. Tuliipokea kutoka kwenye tishari la kushushia mizigo ya meli pale forodhani Lindi, tukaifunga kwa kamba za katani juu ya boriti mbili, tukaipandisha mlima mpaka ukumbi wa shule. Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge ng'ambo ya maji alikuwa anarudi kwao, akaona kuigawa ni nafuu kuliko kuisafirisha. Njia nzima alitembea nasi mtu mmoja mwembamba, kaptura nyeupe, soksi ndefu, kiganja kimoja amekiweka juu ya ubao wa piano kama anayemsindikiza mgonjwa hospitali.

Sisi tulikuwa tunaimba, maana mzigo wa watu wanane usipoimbiwa kila mguu hushika njia yake. Yule mtu akatusimamisha.

"Msiimbe hivyo," alisema. "Mnaipigia kelele. Ikifika juu itakuwa imechanganyikiwa."

Msimamizi wetu akafuta jasho. "Mwalimu, tusipoimba tutaiangusha."

Akafikiri kwa muda mrefu, sisi na mzigo mabegani. "Basi imbeni," alisema. "Lakini chini chini."

Huyo ndiye Mwalimu. Alizaliwa wapi na nani aliyemzaa sitaeleza, maana sikumuuliza, na katika mambo yote niliyomuuliza hilo halikunijia. Alitoka bara, upande wa Wamwera. Wamisionari walimfundisha kinanda. Alikuwa Mkristo katika mji ambao wengi wetu tuliswali. Alikuwa mtu wa makamo. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, niliyeacha shule darasa la tatu kwa sababu ya kutaka kujua boriti za mikoko zinakwenda wapi zikishapakiwa. Nilizifuata. Tangu hapo nilifanya kazi za mashamba ya chumvi, za mkonge, za forodha, na hakuna mahali nilipomaliza mwaka mzima. Ila kila Desemba nilirudi Lindi. Nilirudi mara tatu, kwa sababu ya wimbo mmoja wa Krismasi ambao dini yangu haikunidai niujue.

Mwalimu aliogopa. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila aliyekaa naye alilijua. Alifunga mlango wa ukumbi, akaenda hatua kumi, akarudi kuutikisa. Aliogopa mvua kwa ajili ya paa, na jua kwa ajili ya mbao. Aliogopa mchwa kuliko simba, na miguu minne ya piano aliisimamisha ndani ya makopo manne ya samli yaliyojaa mafuta ya taa, ili mchwa akitaka kupanda azame. Ndani ya piano, chini ya nyuzi, aliweka bakuli la chokaa iliyotoka tanurini, chokaa ile ya matumbawe, ili inywe unyevu wa bahari. Kila Jumatatu aliibadilisha. Wanafunzi wake walikuwa wakinong'ona kwamba Mwalimu anailisha piano uji.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyewafundisha watoto wa watu kutoogopa. Mtoto akipanda jukwaani akitetemeka, Mwalimu alimwambia, "Haraka ni woga uliovaa viatu. Vua viatu, kisha anza." Na watoto walivua kweli, wale waliokuwa na viatu, wakasimama pekupeku juu ya saruji ya ukumbi, na ikawasaidia. Nimewahi kuona mwanafunzi ambaye hakuwa na viatu akiinama na kujifanya anavua. Naye ikamsaidia.

Hakusifu mtu. Ukifanya vizuri alisema, "Endelea." Ukifanya vibaya alisema, "Tena." Kati ya maneno hayo mawili watu walikaa miaka.

Ufunguo wa kukazia nyuzi alitengenezewa na fundi baiskeli, na kwa kuwa ulitoka mkubwa kidogo aliuvika kipande cha ngozi. Vinyundo vidogo vinavyogonga nyuzi vilikuwa vimevaa kitambaa kinene ambacho nondo wa Mgiriki walikwisha kukila, hivyo Mwalimu akazunguka mjini kutafuta kitambaa cha namna ile, na hakukiona popote ila juu ya kichwa cha muuza kahawa. Ilikuwa tarbushi kuukuu, nyekundu, imechakaa ukingoni. Alibembeleza wiki nzima.

"Mwalimu," alisema muuza kahawa mbele ya wateja wake, "tarbushi hii nimeoa nayo."

"Mzee wangu, nitakununulia mpya."

"Mpya haijui kichwa changu." Kisha akaivua, akaitazama, akacheka mwenyewe. "Haya, chukua. Lakini nyie mashahidi. Miaka thelathini kofia yangu inakwenda msikitini, na sasa uzeeni inabatizwa!"

Baraza zima likacheka, na Mwalimu akacheka pia, jambo ambalo nililiona mara mbili tu. Baadaye, muuza kahawa alipokuwa akipita karibu na ukumbi na kusikia piano, alisimama na madele yake ya kahawa na kuwauliza wapita njia, "Mnaisikia kofia yangu?"

Kazi yangu ilikuwa kugeuza kurasa. Alinichagua baada ya kuniona nimechungulia dirishani siku nne mfululizo. Wanafunzi walikuwa wengi, wasafi, wanajua kusoma kuliko mimi. Nilimuuliza mbona mimi.

"Wewe Mkilwa huwezi kutulia," alisema. "Nakupa kazi ambayo asiyetulia ataiharibu. Tuone."

Sikujua kusoma alama za muziki, ila tarakimu nilizijua vizuri, maana maisha yangu yote nilisoma namba kwenye magunia na makasha. Na juu ya alama zake Mwalimu alikuwa ameandika tarakimu ndogo kwa wino mwekundu: moja, tatu, mbili, tano. Nilidhani ni bei. Akanieleza kwamba kila mkono una vidole vitano, gumba ni moja, kidole cha mwisho ni tano, na tarakimu humwambia mpigaji kidole gani kiguse kibao gani. Mstari wa juu ni mkono wa kulia, mstari wa chini ni wa kushoto. Niliona ni jambo la ajabu, kwamba mtu anaweza kukiandikia barua kidole chake. Kwa tarakimu hizo nikajua kufuata, na polepole zile alama nyeusi nazo nikazizoea.

Sasa niuseme wimbo wenyewe. Ulikuwa wimbo wa kale wa Krismasi, wa Wazungu, mwepesi kabisa. Watoto wa misheni waliuimba wakitwanga. Una mistari minne, na sauti yake inapanda kama mtu anayepanda ngazi fupi, inasimama, inashuka. Mtu yeyote angeweza kuupiga kwa kidole kimoja. Mwalimu aliuchukua akaupanga upya kwa ajili ya piano peke yake, bila mwimbaji, na akautia vitu ambavyo hata mke wa daktari wa serikali, aliyekuja na vitabu vya muziki sanduku zima kutoka kwao, alipoviona alitikisa kichwa. Wimbo wenyewe aliuweka katikati, magumba mawili yakipokezana kama watu wawili wanaobeba ndoo moja. Juu yake mkono wa kulia ulimwaga sauti ndogo ndogo za haraka, kama mvua inapoanza kwenye mabati. Chini, kidole cha tano cha mkono wa kushoto kiligonga sauti nzito, moja moja, kila baada ya mstari. Mwalimu alisema kile ndicho kinachowaambia wengine nyumbani ni wapi.

"Mkono wa kulia una sifa," alisema, "wa kushoto una kazi."

Mji uliuita Krismasi ya Mwalimu. Usiku wa kuamkia sikukuu ukumbi ulijaa: Wakristo mbele, Wahindi wachache wa madukani, na Waislamu wengi waliosimama nyuma na madirishani wakisema wamepita tu.

Krismasi ya kwanza niliyogeuza kurasa, vidole vyote kumi vilikuwepo kwenye karatasi. Nakumbuka, kwa sababu nilijifunza tarakimu zake kwa karatasi zile, na tano ya chini ndiyo niliyoipenda. Ilikuwa inasubiri sana kabla ya kuitwa.

Mwaka uliofuata nilirudi mapema, nikamkuta amezibadili karatasi. Si kwamba alifuta. Alikuwa ameandika zote upya, kurasa kumi na moja mahali pa nane. Nilikaa kando yake tukaanza mazoezi, na kitu kikanikwaza, nisijue ni nini, kama mtu aingiapo chumbani na kiti kimoja hakipo. Siku ya tatu nikakijua. Mstari wa chini haukuwa na tano. Moja, mbili, tatu, nne, zimejaa. Tano hakuna, kurasa zote kumi na moja.

"Mwalimu," nilisema, "tano imekwenda wapi?"

Hakugeuka. "Ni kidole kivivu. Nimekistaafisha."

"Lakini ndicho kinachowaambia wengine..."

"Tena," alisema. "Ukurasa wa pili."

Niligeuza ukurasa, lakini udadisi wangu ni kama njaa, ukiuambia ngoja ndipo unauamsha. Nikaanza kuutazama mkono wake wa kushoto. Kidole kile kilikuwa kimejikunja, na cha pete kando yake kilianza kukifuata. Alipotembea mkono ulikaa mfukoni. Kazi ya kidole cha tano sasa ilifanywa na cha nne, na ya cha nne ikafanywa na cha pili kwa kuruka, na kwa hiyo mkono wote wa kushoto uliruka huku na huko kama mtu anayezima moto sehemu mbili. Watu waliona ni ufundi umezidi. Ulikuwa umezidi kweli. Ila mimi niliyekaa karibu niliona jasho.

Jumamosi moja alasiri nilikwenda kwake. Alikuwa barazani akipiga pasi kaptura yake ya sikukuu, kwa pasi ya mkaa, yeye mwenyewe, mke wake ameketi mbali kidogo akichambua mchele. Tulizungumza habari za mvua. Alikuwa ameukunjua mkono wa kushoto juu ya nguo kuishika, na pasi ikapita, ikasimama. Nilisikia harufu kabla sijaelewa. Mwalimu alikuwa bado anasema kwamba mawingu ya Lindi yana ahadi nyingi. Ubavu wa pasi ulikuwa umelala juu ya kidole chake cha mwisho, na ngozi ilikuwa inaiva, naye anasema habari za mawingu.

Nikaisukuma pasi. Akatazama kidole, kisha akatazama kwa mke wake. Yule mama hakuwa ameinua macho.

"Twende nyuma," aliniambia kwa sauti ya kawaida.

Nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Watu wa kwetu walikuwa hawalitaji jina la ugonjwa huo, walisema tu "maradhi yale", lakini wote tulijua ukoma unaanzaje. Tulijua pia unaishia wapi: lori, kambi ya bara, na nyumba uliyotoka watu wanaizunguka mbali wakipita.

"Wataichukua piano," alisema. Hakusema watanichukua. "Mchwa wataimaliza kwa mwezi mmoja. Na huyu mama atakaa na nani? Nani atanunua maandazi yake? Apa kwamba hutasema."

"Wallahi, Mwalimu."

"Hapana. Apa kwa mama yako."

Nikaapa kwa mama yangu. Alikuwa hai wakati huo, na tangu niape nilikuwa namwota ndoto mbaya.

Tangu siku ile nilimwelewa na nikatamani nisingemwelewa. Alikula kwenye sahani yake peke yake, ya bati la bluu, akaiosha mwenyewe. Alilala kwenye mkeka wake. Alifua nguo zake. Mke wake alikuwa mwanamke mpole, mnene wa sauti, anayeuza maandazi kwa walimu, na siku moja alinikamata mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa." Akashusha sauti. "Wewe unakaa naye sana. Huyu mwalimu wako ana nini na mimi?"

"Sijui, mama."

"Sahani yake siruhusiwi kuigusa. Nikimuuliza anasema ndivyo walivyofundishwa misheni. Misheni gani hiyo? Mimi nimesoma misheni hiyohiyo!" Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Kama ana mwanamke aseme. Kama mimi nanuka aseme. Nimemkosea nini?"

Nilisema tena sijui. Nilishuka ule mlima nikikimbia, na nilikuwa sina ninapokwenda.

Krismasi ya tatu, ile tarakimu ya nne nayo haikuwepo kwenye mstari wa chini. Kurasa zilikuwa kumi na sita. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilifanya kazi ya vitano, na ili kulificha pengo Mwalimu alikuwa ameujaza wimbo mikimbio na miruko ambayo sijapata kuisikia tena popote. Daktari alikuwa mstari wa mbele safari hiyo na mkewe, hatua sita kutoka kwenye vibao. Nilisimama upande wa kushoto, nikajaribu kuukinga mkono ule kwa mwili wangu. Kila nilipogeuza ukurasa nilifikiri, sasa ameuona. Mwalimu alipiga bila kukosea. Alipomaliza, watu walisimama, wale wa madirishani wakapiga mabati kwa viganja, na muuza kahawa akalia machozi waziwazi. Mwalimu aliinama mara moja, mkono mfukoni. Daktari alipiga makofi kama wengine. Hakuwa ameona kitu.

Ningeishia hapo, ingekuwa heri.

Kesho yake alasiri Mwalimu alinituma ukumbini nikamchukulie kopo la biskuti alilohifadhia karatasi. Njia ya kurudi ilipita nyumbani kwa daktari. Mkewe alikuwa kibarazani, akaniona na kopo, akashuka ngazi mbio. Mara tatu alikuwa amemwomba Mwalimu karatasi zile, na mara tatu Mwalimu alikataa kwa adabu.

"Wewe ndiye wa kugeuza," alisema. "Mimi nataka kuona tu. Saa moja. Halafu nakurudishia, haki ya Mungu."

Nilikuwa nimeapa kufunga mdomo. Karatasi haina mdomo, ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nikiungua kutaka kujua: mtu mwenye vidole kumi akiupiga wimbo huu kama ulivyoandikwa sasa, utasikikaje? Nikampa kopo. Hadi leo sijui kama ndani yangu, chini kabisa, kulikuwa na sababu nyingine.

Nilikaa kwenye ngazi. Yeye alikuwa na piano yake ndogo sebuleni, madirisha wazi. Alianza polepole. Alikosea, akarudia. Alifika kwenye mruko wa ukurasa wa kwanza akasimama, akacheka, akaupiga kwa njia rahisi, kwa kutumia kidole cha mwisho kama mtu yeyote mwenye akili. Ukasikika mwepesi, bila shida. Akasimama tena. Nikasikia karatasi zinafunuliwa, moja baada ya nyingine, upesi, mpaka ya mwisho. Niliinuka nikachungulia. Alikuwa ameunyanyua mkono wake wa kushoto mbele ya macho, amekunja vidole viwili vya mwisho, anautazama. Akamwita mumewe. Walizungumza Kiingereza, sikukielewa, lakini nilimwona akimwonyesha mkono ule uliokunjwa, akimgongea tarakimu nyekundu kwa ukucha, ukurasa kwa ukurasa. Na daktari akaacha kutabasamu.

Asubuhi yake daktari alikwenda kwa Mwalimu na unyoya wa kuku. Aliweka kiti barazani, akamwomba afumbe macho aseme "ndiyo" kila anapoguswa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mimi kando ya pipa.

"Ndiyo," alisema Mwalimu. Unyoya ulikuwa kwenye gumba. "Ndiyo." Ulikuwa kwenye kiganja. Daktari akausogeza kwenye kidole cha mwisho, akakipapasa juu chini. Kimya. Mwalimu akahisi kwamba kimya kimekuwa kirefu. "Ndiyo," alisema. Wakati ule unyoya ulikuwa umekwisha kuondoka. "Ndiyo," alisema tena, akiwa hajaguswa popote. "Ndiyo. Ndiyo."

Daktari aliuweka unyoya mfukoni akamwambia afumbue macho.

Mama alipoambiwa, nilidhani atapiga yowe. Alikaa chini pale pale kizingitini. "Kumbe ni maradhi!" alisema. "Miaka miwili nadhani unanichukia. Kumbe ni maradhi tu!" Akalia na kucheka pamoja. Akaingia ndani, akatoka na ile sahani ya bati, akaifungia katika kanga yake pamoja na nguo zake mwenyewe. Lori lilipokuja, nilikuja kusikia, walipanda wote wawili. Hakuna aliyemlazimisha.

Mimi sikuwepo kuwaaga. Nilikuwa njiani kwenda Kilwa.

Miaka iliyofuata nilikaa Kilwa zaidi kuliko mahali popote, na bado sikutulia. Nilikata boriti. Nilivushwa kwenda Kisiwani kuchukua mawe kwa siku chache. Nilikwenda Songo Songo, nikarudi. Kila nilipoona mtu mwembamba mwenye soksi ndefu nilivuka barabara. Nilijihesabu kuwa nimevunja kiapo nilichoapa kwa mama yangu, na mama alipofariki, kwa homa tu kama watu wengine, sikumwambia mtu nilichokuwa nafikiri.

Mwishowe nilipata kazi ya utingo kwenye lori la mahindi. Siasa zilikuwa zimepamba moto, kila kituo watu wanazungumzia kujitawala, na mimi niliyependa kujua kila kitu nilikuwa nasikiliza nusu. Asubuhi moja tukiwa bara dereva akasema, "Leo tunashusha kambi ya wakoma. Kama unaogopa, kaa juu ya lori, wao wenyewe watashusha." Nikasema nitakaa juu.

Nilikaa. Magunia yakashuka. Kisha nikasikia, kutoka kwenye jengo la matofali walikokuwa wakichemshia vitambaa vya vidonda, ngazi fupi ya wimbo ule ikipanda, ikisimama, ikishuka. Nikateremka.

Piano ilikuwa ukutani, miguu yake ndani ya makopo manne. Baadaye niliambiwa mke wa daktari ndiye aliyeiombea lori, kwa kuwa Lindi hapakuwa na wa kuitunza. Mwalimu alikuwa amenipa mgongo. Nywele zilikuwa nyeupe. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu vilivyonyooka na viwili vilivyokunjamana kama kucha za ndege. Mama alikuwa dirishani akikunja vitambaa. Aliniona yeye kwanza, akafunika mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

Hakuacha kupiga. "Marahaba. Umechelewa kugeuza."

Nilisema yote nikiwa nimesimama, haraka, kabla moyo haujabadilika: kopo, ngazi, saa moja. "Ni mimi niliyempa karatasi. Nilivunja kiapo."

Akainua mikono juu ya vibao. "Najua ni wewe. Nani mwingine angekuwa na kopo?" Akaukunjua mkono wa kushoto mapajani, kadiri ulivyokunjuka. "Nilipofika hapa nilipewa vidonge. Vidonge hivyo vilikuwepo tayari, tangu mwaka uliotangulia. Ugonjwa ukasimama hapo ulipofika. Daktari aliniambia, ungekuja mwaka mmoja kabla, kidole cha nne kingepona."

Nilihesabu. Mwaka mmoja kabla ilikuwa siku ya pasi. Miaka yote nilikuwa nimejilaumu kwa kusema, na kumbe kidole kile kilikwenda kwa sababu nilinyamaza.

"Mwalimu..."

"Aliyekuapisha ni nani?" Alisema kwa ukali wake wa darasani. "Basi. Hilo ni langu, usiniibie." Akasogea kulia kwenye benchi. "Kaa hapa kushoto. Nimeuandika tena. Tano imerudi, ila sina wa kuipiga. Mama anakataa, anasema vidole vyake ni vya maandazi."

"Na ndivyo vilivyo," alisema Mama kutoka dirishani.

Nje dereva alipiga honi. Mwalimu akanionyesha kibao, kile cha chini, kizito. Akaanza. Ngazi ikapanda, mvua ikaanza juu ya mabati, magumba yakapokezana ndoo yao. Nilikaa kidole hewani, nikisubiri mwisho wa mstari. Honi ikalia tena, na nikabonyeza.

Ilikuwa mapema. Niliisikia mwenyewe.

Mwalimu hakusema "Tena", wala "Endelea". Alitazama chini ya benchi, ilipo miguu yangu, na mimi nikaitazama: ilikuwa imekwisha kugeukia mlangoni, yote miwili.

"Mkilwa," alisema, "vua viatu."